Wagosi wa Tanga: mzee wa mtaani kwako anahitaji msindikizaji kabla ya kiroba cha unga

#1 Mgosi_Makorora

Wakuu, salaam. Wakubwa wote shikamooni.

Ramadhani ikikaribia, na Krismasi vilevile, mji wetu unajaa viroba. Gari linasimama Ngamiani, wazee wanapangwa mstari juani, kila mmoja anapewa unga, sukari, mafuta ya kula na mche wa sabuni, picha zinapigwa, gari linaondoka. Sina ugomvi na sadaka ya mtu, Mungu awalipe. Ila mimi ni mhazini wa kikundi kimoja cha kusaidia familia na wazee hapa mjini, na hoja yangu ni hii: wazee wengi wa Tanga wana haki zao tayari, ziko maofisini zinawangoja. Kinachowakosesha ni mtu wa kwenda nao.

Kikundi sikitaji jina, maana nikikitaja tu mtasema nimekuja kuchangisha. Kilianza kama chama cha kufa na kuzikana, kama vilivyo vingi Msambweni, Mwanzange na huku kwetu. Mnajua mambo yanavyokwenda. Mtu akifa asubuhi, kufika alasiri sanda ipo, kaburi limechimbwa, turubai limefungwa, masufuria ya ubwabwa yako jikoni. Kuna mzee alifia chumba cha kupanga. Michango ilitosha maziko na khitma, na chenji ikabaki. Wakati wa kutoa vitu vyake, mpangaji mwenzake akainua godoro: vyeti vya dawa za presha, vya miezi na miezi, na hakuna hata kimoja kilichowahi kufika duka la dawa. Kikao kilichofuata hakikuwa cha mazishi tena.

Sasa tazameni. Sera ya Afya ya 2007 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Kitambulisho cha matibabu kipo, dirisha la wazee lipo, tangazo la kumpisha mzee limebandikwa ukutani. Lakini ili mzee akipate hicho kitambulisho lazima atambuliwe mtaani kwake, barua ya mtendaji iwepo, picha ziwepo, na majina yafanane. Hapo kwenye majina ndipo watu wanapokwama. Bibi mmoja ni Mwanahamisi kwenye kadi ya mpiga kura, Mwanamisi kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, na Hamisa kwenye kadi ya zahanati, kwa sababu kila karani aliandika alivyosikia. Mwaka wa kuzaliwa nao ni wa kukadiria. Bibi wa miaka sabini na kitu, miguu imevimba, anaambiwa nenda ukarekebishe kisha urudi. Harudi.

Na wapo walio katika hali ngumu zaidi: wazee wa mkonge. Mkonge uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Waliokuwa wakiukata hawakuwa Wadigo na Wabondei peke yao. Walitoka ng'ambo ya Ruvuma, Burundi, Unyamwezini, Ubena. Kamba za plastiki zikaingia, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa mwaka 1967, mengine yakaota vichaka. Watu wakabaki. Leo huyo ni babu wa miaka themanini na ushee anaishi Pongwe, mke kafariki, watoto hawajulikani walipo, kwao hakukumbuki hata njia. Halafu anaulizwa: cheti cha kuzaliwa kiko wapi? Mashahidi wa ukoo ni akina nani?

Kwa hiyo sisi tunasindikiza. Basi, hiyo ndiyo huduma yetu kubwa. Msindikizaji anamfuata mzee nyumbani asubuhi, bajaji tunalipia sisi, anamkalisha kwenye benchi, foleni anasimama yeye. Ndani anasikiliza daktari anachosema na kukirudia kwa sauti ya juu, maana nusu ya wazee wetu hawasikii vizuri na wanaona haya kusema. Anarudi naye hadi mlangoni. Dawa ikikosekana dirishani, na hukosekana, tuna duka la dawa ambalo tumekubaliana nalo. Lina kaunta buku moja ya kwaya tatu: tarehe, jina la mzee, jina la dawa, bei, dole gumba. Ijumaa naenda kulipa.

Mitaani kwenu kuna utaratibu wa namna hii? Au nyie mnaonaje?

Nawasilisha.

#2 Mla_Mahanjumati

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu na kashata. Wajuzi njooni.

#3 Mbondei_Halisi

Mgosi, hoja yako nzuri ila nina swali moja tu. Watoto wako wapi?

Maana tukiendelea hivi tunafuga uvivu. Mtu yuko Dar, ana gari, ana watoto shule za kulipia, mama yake anasindikizwa hospitali na kikundi cha mtaa. Zamani mzee akikosa matunzo, aibu ilikuwa ya ukoo mzima, na wazee wa ukoo walikuwa wanakuita. Leo aibu imehamia kwa kikundi. Kesho mtajenga nyumba za kulelea wazee kama Ulaya, halafu mtasema ni maendeleo.

#4 Mgosi_Makorora

> Mbondei_Halisi alisema: Watoto wako wapi?

Swali hilo ndilo la kwanza tunalouliza tukiingia nyumba yoyote. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitaja familia kuwa ndiyo msingi wa matunzo, hatujaja kuipindua.

Ila majibu hayafanani. Kuna mzee hakujaliwa mtoto. Kuna aliyewazika wote. Kuna bibi ambaye mtoto alifariki akamwachia wajukuu wanne, sasa yeye ndiye mtunzaji, anauza mihogo ya kukaanga nje ya nyumba. Huyu utamuuliza watoto wako wapi? Yeye ndiye mwenye watoto.

Halafu wapo hao wa kwako, wenye gari. Kwao tunafanya kitu kingine, tunaita kikao cha familia. Tunawakalisha wote, walioko mbali wanawekwa kwenye simu na spika inawashwa. Mama hazungumzi kwanza, maana mama siku zote atasema "wanangu wananitunza, sina shida". Tunaanza na mkubwa: wewe unatoa nini, lini, na unampa nani? Si "nitajitahidi". Tunaandika. Dada wa tatu, aliyebaki nyumbani na ndiye anayeogesha, naye mchango wake unaandikwa, kwa sababu hapo ndipo ugomvi unapoanzia: mwenye pesa anadhani yeye peke yake ndiye anayetunza. Nimeona kaka na dada waliokuwa hawasalimiani wakigawana wiki za kulala na mama. Nimeona vilevile mtu akizima simu katikati ya kikao. Yote yapo.

Na nyumba ya wazee tayari tunayo, mkuu. Makazi ya Wazee Mwanzange ni ya serikali na yapo miaka mingi tu. Ni kwa asiye na pa kuegemea. Wengi wetu tunapita pale nje bila kugeuza shingo.

#5 Dada_Ustawi

Nafanya kazi ustawi wa jamii, mkoa sisemi. Naomba niongeze machache kwa sababu watu wanatulaumu sana.

Alichosema mleta mada kuhusu kusindikiza ni kweli kabisa. Ofisi moja ina maafisa wachache, kata ni nyingi, na mezani nina mashauri ya watoto, ndoa, ukatili, wazee, wote. Kikundi kikiniletea mzee ambaye barua ya mtendaji anayo, picha anazo, majina yameshanyooshwa, nammaliza siku hiyohiyo. Akija peke yake hana karatasi, nitamrudisha, na roho itaniuma.

Pili, TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Watu wanadhani ni kwenda ofisini kuomba. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini tangu uanze mwaka 2012 unawapata walengwa kupitia mkutano wa mtaa: wananchi wenyewe wanataja kaya, kisha madodoso yanafuata. Sasa mzee asiyetoka ndani atatajwa na nani? Wanaotajwa ni wanaoonekana. Kwa hiyo kikundi kikitaka kusaidia, kihudhurie mikutano na kitaje majina ya waliolala vitandani. Hilo halina gharama.

Tatu, na hili linaniudhi mimi binafsi: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ya kukopesha vikundi, imegawiwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mzee hayumo. Bibi anayelea wajukuu wanne na kukaanga mihogo akitaka mtaji, aingie kama mwanamke kwenye kikundi cha wanawake, ambao wengi hawamtaki kwa kuwa wanahofia atawafia na deni. Nimeyasikia kwa masikio yangu.

Mabaraza ya wazee yapo, yatumieni. Mengi yanaamshwa tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wanavaa fulana, wanapewa soda, basi.

#6 Fundi_Baiskeli

Mimi elimu yangu ndogo ila mleta mada kanikwaza kidogo. Unaudharau unga kwa sababu wewe umeshiba. Dawa ya sukari utaimezaje tumbo tupu? Mzee mmoja jirani yangu pale Duga alikuwa anaruka dozi makusudi, akila mara moja anameza mara moja. Daktari anamfokea, hajui kwamba nyumbani hamna kitu. Unga nao una heshima yake.

#7 Mgosi_Makorora

> Fundi_Baiskeli alisema: Unga nao una heshima yake.

Hapo umenena, na wala hatupingani. Nimesema "kabla", sikusema "badala". Chakula tunatoa, kwa wenye kisukari na wanaolea wajukuu, kila mwezi na bila mstari. Ninachokataa ni mtindo wa kutoa unga mara moja kwa mwaka kisha tunajipongeza miezi kumi na moja. Na ninakataa zile picha. Mzee aliyewahi kuwa nyapara wa watu mia unamshikisha kiroba, unamwambia tabasamu. Mfadhili akitaka picha kwetu tunampa picha ya gunia.

Hiyo ya kuruka dozi nakushukuru, naipeleka kwa wasindikizaji wamwambie daktari mbele ya mzee, kwa adabu.

#8 Chunga_Pesa

Naona mnapambana vizuri, wacha niwe mbaya wenu. Niko Tanga tangu kiwanda cha Mbolea kinafanya kazi. Vikundi nimeviona vinazaliwa na kufa. Mwenyekiti anaanza na baiskeli, mfadhili wa pili akipatikana yuko kwenye Noah. Wazee ni mtaji mzuri kwa sababu hawakagui hesabu. Wewe mhazini tuambie: pesa zinatoka wapi, nani anasaini, na wewe unakula wapi?

#9 Mgosi_Makorora

Mkuu wala hujawa mbaya, haya ndiyo maswali.

Pesa: sehemu kubwa ni ada yetu wenyewe kila mwezi, ileile ya tangu enzi za kuzikana. Nyingine ni zaka na sadaka za watu wa hapahapa, na parokia moja inatuchangia mafuta ya kula na sabuni. Kikundi chetu kina Waislamu na Wakristo, kwenye vikao tunaanza na dua mbili, hakuna aliyewahi kulalamika zaidi ya kwamba zote ni ndefu. Wafadhili wakubwa hatuna, na sina hakika kama nawataka.

Kusaini: watu watatu, mmoja lazima awe mwanamke, mmoja lazima awe mzee anayehudumiwa. Huyo mzee ndiye kiboko. Ana miaka 74, alikuwa karani wa reli, anasoma risiti moja moja na miwani yake iliyofungwa uzi. Siku moja alirudisha malipo ya bajaji kwa sababu tarehe ilikuwa ya Jumapili na kliniki haifunguliwi Jumapili. Kumbe dereva aliandika vibaya, lakini alirudisha.

Kula: nakula kwangu, nina duka la vipuri vya pikipiki. Viongozi hawana posho, wasindikizaji wanapewa nauli na chai. Mapato na matumizi yanabandikwa kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Na ujue sheria ipo: Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, hasa baada ya marekebisho ya 2019, inataka taarifa ya fedha ya mwaka iwe wazi kwa umma. Kwa hiyo ukikuta kikundi kimesajiliwa kwa sheria hiyo na kinakuficha hesabu, una pa kuanzia.

#10 Nipo_Maskati

Asalaam aleikum. Mimi ni mtoto wa Tanga, nafanya kazi za ndani huku Oman. Nimesoma hapo juu "watoto wako wapi" nikasema ngoja nijibu. Tuko huku, kaka. Natuma kila mwezi bila kukosa. Mama yangu hajui kusoma, kwa hiyo namba ya siri ya simu anaijua kijana wa wakala, mjukuu wa jirani, na nahisi mtaa mzima. Nikituma laki inamfikia pungufu, na hasemi, anaogopa kuwagombanisha watu. Mdogo wangu nikimtumia yeye, ndiyo kabisa. Nyie wa vikundi mnasaidia hapo? Maana pesa ninayo, mkono wa kuifikisha ndio sina.

#11 Mgosi_Makorora

Wa aleikum salaam dada, pole na kazi.

Hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, nyumba nyingi za Tanga zinaishi kwa pesa ya Maskati. Kilichofanya kazi kwetu ni kuipasua pesa kabla haijafika. Sehemu inakwenda moja kwa moja kwa mwenye duka la mtaani ambaye mama anamwamini, anaandika kwenye daftari la mama, mama anachukua mchele na mafuta kidogo kidogo. Sehemu ya dawa inakwenda duka la dawa. Inayobaki, ndogo, ndiyo inaingia kwenye simu ya mama, ya kununulia kashata na kuchangia misiba, maana mama asipokuwa na pesa ya kutoa msibani anaona amedhalilika. Mwisho wa mwezi msindikizaji anapiga picha ukurasa wa daftari anakutumia. Namba ya siri ibadilishwe, na mama aambiwe kwamba hata sisi kikundi tusiijue.

Usimtuhumu mtu yeyote kwenye simu. Badilisha njia ya pesa, mengine yatajionyesha.

#12 Binti_Ngamiani

Mbona mnaongelea wazee kama wote ni wanaume? Babu akichoka ndani anatoka, baraza ipo, bao lipo, kahawa ipo, siasa ya timu yetu ya mpira, Coastal Union, ipo. Bibi anakwenda wapi? Akitoka ni msibani au kwenye harusi.

Mtaani kwetu kina mama tulianza tu kukutana kusuka ukili uani kwa mmoja wetu, Jumatano jioni. Kina bibi wenye macho wanasuka, wasioona vizuri wanatuchambulia miyaa ya kusukia. Nesi mstaafu anapita na mashine ya presha. Mikeka ikiuzwa pesa inagawanywa papo hapo. Presha zilizogunduliwa pale uani, hakuna aliyekuwa anajua anazo. Na maneno wanayoyasema wakishika ukili, mbele ya daktari hawayasemi: nani hapewi chakula, nani anafungiwa ndani mchana kutwa "asipotee". Mleta mada, kikundi chako kina mahali pa bibi kukaa tu na kuongea?

#13 Mgosi_Makorora

Hatuna. Nesi wako mstaafu naomba umwombe kama atakuja na huku Makorora, ukili tutanunua sisi.

#14 Mpemba_wa_Sahare

Nasoma tu kimya ila hamjagusa kitu kimoja. Zanzibar tangu Aprili 2016 mzee akifika miaka 70 anapewa Pensheni Jamii, awe alikuwa waziri au mvuvi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mtasema ndogo. Shangazi yangu kule Wete alipoanza kuipata, wajukuu walianza kumsalimia asubuhi. Huku bara mwenye pensheni ni aliyekuwa kwenye ajira rasmi. Mkulima wa minazi wa Tongoni aliyefanya kazi maisha yake yote hana mwajiri wa kumdai. Vikundi vyenu vizuri, nawapa hongera, lakini vinaziba tundu ambalo si lao.

#15 Dada_Ustawi

> Mpemba_wa_Sahare alisema: vinaziba tundu ambalo si lao.

Nakazia. Nisiandike zaidi, nina mwajiri.

#16 Chunga_Pesa

Nimepita kwenye ubao wa ofisi ya mtaa kama mlivyosema. Karatasi ipo, ya mwezi uliopita, imesainiwa. Mwandiko wa mhazini ni mbaya sana. Kwa sasa nanyamaza, ila nitapita tena.

#17 Mbondei_Halisi

Haya, nirudi kwa adabu. Nina baba mdogo yuko karibu na Pongwe, alikuwa shamba la mkonge, ana miaka kama 78, mtoto wake mmoja yuko Mererani hapatikani. Macho yote mawili yamefanya ukungu, nadhani ni mtoto wa jicho. Kitambulisho cha wazee hana, cha NIDA anacho lakini jina la baba limekosewa. Mimi niko Dar, naweza kuja mwisho wa wiki tu. Naanzia wapi?

#18 Mgosi_Makorora

Usingoje mwisho wa wiki, ofisi zimefungwa. Fanya hivi: mpigie mwenyekiti wa mtaa wake leo, mwombe amtambue na akuahidi siku ya barua ya mtendaji. Kwa sasa jina la NIDA liache lilivyo, mwambie mtendaji aandike kwenye barua jina hilohilo la kitambulisho ili karatasi zifanane. Marekebisho yana safari yake na yasimcheleweshe macho. Picha za pasipoti apigwe hukohuko Pongwe, avae shati lenye kola.

Mtoto wa jicho unatibika kwa upasuaji mdogo, lakini apimwe kwanza presha na sukari, vikiwa juu watamrudisha. Msindikizaji wa upande huo tunaye, ni mama mmoja mkali kidogo lakini foleni anaijua. Nauli ya bajaji kwenda na kurudi utalipa wewe, maana wewe unao uwezo na nimeshakusoma tangu bandiko la tatu. Njoo PM, ujumbe wa faragha, tupange siku.

#19 Mbondei_Halisi

Nimekuja PM. Na huyo wa Mererani naendelea kumtafuta.